Daftari la Choo la Laini ya Nne

Kibao hakikuwa kwenye msumari wake.

Mama Kola aliinua macho mara ya tatu kuhakikisha, akarudi kwenye cherehani. Kilikuwa kibao cha mbao, ukubwa wa kiganja, kimepakwa rangi nyekundu na kufungwa waya, na ndicho kilichokuwa ruhusa ya kwenda chooni kwa laini nzima. Wanawake thelathini na wawili, kibao kimoja. Ukikikuta msumarini unakichukua, unataja namba yako, msimamizi anaandika daftarini saa uliyotoka na saa uliyorudi. Usipokikuta unabana. Na kubana ndiko kulikomshinda Mama Kola.

Akakutanisha magoti chini ya meza, akaingiza kola nyingine chini ya sindano. Kiwandani pale hakuna aliyemfikia kwa kola. Ncha zake zilitoka kali kama zimechongwa, ndiyo maana jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika hata na mshika orodha. Miaka tisa, kiti kilekile. Watoto wanne, wa mwisho alizaliwa na kilo nne na nusu, na tangu huyo wa mwisho mambo ya chini hayakurudi kama zamani. Mwanzo ilikuwa akipiga chafya tu, tone moja. Kisha akikohoa. Kisha akinyanyua mzigo wa mashati kutoka sakafuni. Sasa hata akisikia bomba la maji likifunguliwa kule kwenye pasi za mvuke, mwili unaitika kama umeitwa kwa jina.

Alikuwa amejitafutia dawa kwa akili yake mwenyewe. Kwanza, aliacha maji. Chupa yake iliingia kiwandani asubuhi imejaa, ikatoka jioni imejaa. Pili, vitambaa. Chini ya meza ya mkataji kulikuwa na gunia la mabaki ya fulanela, vipande vidogo ambavyo kiwanda kiliwauzia watengeneza magodoro kwa kilo. Mama Kola aliokota viwili vitatu, akavikunja mara nne, akavivaa. Vilinyonya vizuri. Jioni alivifua na kuvianika ndani, nyuma ya taulo, na baba watoto alipouliza ni vya nini akaambiwa ni vya kufutia vumbi.

"Nyumba hii ina vumbi kweli," alisema yule bwana, akamtazama kuliko ilivyo lazima.

Siku hizi kila mtu alimtazama kuliko ilivyo lazima. Na kuliko wote, Bi Vifungo.

Bi Vifungo alikaa kushoto kwake, kwenye mashine ya vifungo. Domokaya wa laini, mcheshi, anayejua nani kaachika na nani kapanga chumba na nani. Sketi nyeusi mwaka mzima, na poda ya kunukia anayojimwagia kama anajiandaa kwa harusi. Zamani walikuwa mashoga wa kugawana mpaka ganda la chungwa. Ila miezi hii miwili Mama Kola alimnasa mara kwa mara akiinamisha kichwa upande wake, pua juu, akinusa. Ndiyo, akinusa! Kisha anageuka upesi na kuanza hadithi. Ijumaa iliyopita aliitwa ofisini. Aliporudi, uso umemshuka, alisema ni mambo ya karatasi za bima. Tangu hapo akichukua kibao msimamizi hampigii kelele.

Mama Kola alikuwa ameyaweka yote hayo moyoni, moja juu ya jingine, kama mtu anayepanga matofali.

Kibao kikarudi. Aliinuka kabla waya haujatulia msumarini.

"Kumi na sita," alisema.

Msimamizi hakuinua kichwa. Walimwita Dakika, kwa sababu ya wimbo wake mmoja. "Tena?"

"Tena."

"Hii ya ngapi tangu asubuhi?"

"Si wewe unayeandika?"

Wawili watatu wakacheka chinichini. Dakika akaandika, akapiga meza kwa kalamu. "Dakika nne!"

Vyoo vilikuwa vinane. Vitano vilifungwa kwa kufuli kwa sababu vilijazwa makatoni ya mashati. Siku wakija wakaguzi wa wanunuzi makatoni hutolewa, sabuni hutokea, na wanawake huambiwa watabasamu. Leo haikuwa siku ya wakaguzi. Laini tano zilipanga foleni kwenye milango mitatu, na Mama Kola alipofika mlangoni kitambaa cha kwanza kilikuwa kimekwisha kufanya kazi yake. Akabadilisha. Kile kilicholowa akakifunga kwenye mfuko wa nailoni, akausokomeza kwenye mfuko wa aproni. Dakika sita.

Aliporudi alikuta mashine zote zimezimwa. Dakika amepanda juu ya katoni.

"Sikilizeni! Gunia la mabaki halifiki uzito. Wiki tatu sasa. Kuna watu wanavaa kitambaa cha kampuni wanatoka nacho. Leo getini upekuzi ni wa mwili. Na ninaposema mwili, namaanisha mwili, msije mkaleta aibu za kike hapa." Akafungua daftari, akapitisha kidole. "Na wengine hatuhitaji kuwatafuta. Namba kumi na sita, saa nane mchana, ofisini."

Mashine zikawashwa. Mama Kola hakuutazama upande wa kushoto. Hakuhitaji. Alisikia ule ukimya, na Bi Vifungo hakuwa mtu wa kukaa kimya.

"Shoga," Bi Vifungo alisema mwishowe, kwa sauti ya kifungo kinachoanguka. "Wanakuitia nini?"

"Karatasi za bima," alijibu Mama Kola.

Bi Vifungo akarudi kwenye vifungo vyake.

Mkononi alikuwa na maonyo mawili. La kwanza la "kuzurura muda wa kazi." La pili la kukosa kazi siku moja bila cheti. La tatu ni la mwisho, na baada ya la mwisho ukionekana na kosa lolote unakabidhi aproni. Na nani angemchukua kwingine, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu asiyeweza kukaa kwenye kiti saa mbili? Kola zake ndizo zilizolisha nyumba tangu baba watoto alipopunguzwa kazini. Alishona mpaka saa nane akiyawaza hayo, na kwa mara ya kwanza ndani ya miaka tisa alikosea ncha.

Nje ya ofisi palikuwa na benchi. Alisimama kando yake. Siku hizi hakukaa kwenye kitu ambacho kingeacha alama.

Alimkumbuka nesi. Jumamosi mbili zilizopita alikwenda zahanati kwa kisingizio cha kupima presha, akamkuta nesi mnene mwenye macho ya kucheka, na mambo yakamtoka yote. Alitegemea kuambiwa ni uzee. Au ni laana. Nesi akamuuliza anakunywa maji kiasi gani.

"Sinywi."

"Hunywi kwa nini?"

"Si ili yasitoke."

Nesi alicheka kwanza, kisha akavuta kiti karibu. "Mama, hapo ndipo unapojimaliza. Mkojo ukiwa mzito unakichokoza kibofu, kinakuita hata kikiwa na kijiko kimoja. Kunywa maji. Chai ndiyo upunguze. Na huu si uzee wala mkono wa mtu. Misuli inayoshika kibofu imelegea kwa uzazi, kama lastiki ya sketi, ila hii lastiki unaweza kuikaza. Bana kule chini kama mtu anayezuia upepo mbele ya wakwe. Umeshawahi?"

"Mara nyingi!"

"Basi ndiyo hivyohivyo. Hesabu mpaka tano, achia, pumzika. Mara kumi, asubuhi, mchana, jioni. Tumbo usilikaze, pumzi usiizuie, na usifanye ukiwa unakojoa. Miezi mitatu, wala usikate tamaa wiki ya pili. Halafu nenda chooni kwa saa, usingoje kuitwa. Anza kila saa moja. Ukizoea, ongeza dakika kumi, kisha kumi nyingine, mpaka kibofu kijue nani bosi. Na uniandikie kwa siku tatu, kila unapokwenda na kila mkojo unapokutoroka. Urudi siku ya kazi umwone daktari, Jumamosi hayupo."

Alitoka pale mwepesi, akiwa na karatasi ya maelekezo sidiriani. Lakini kiwandani kila saa moja haikuwepo. Kuandika nako hakukuwezekana, maana kalamu ilipigwa marufuku mashineni, eti wino unachafua mashati. Siku ya kazi aliitafuta kwa kukosa kazini, akafika zahanati akakuta foleni imeshakatwa, akaambulia onyo la pili. Kilichobaki ni kubana na kuhesabu. Hicho alikifanya.

"Ingia."

Afisa utumishi alikuwa na feni ya peke yake na kiti cha kitambaa kwa ajili ya mgeni. Dakika alisimama pembeni ya kabati, mikono kifuani. Daftari lilikuwa limefunguliwa mezani.

"Kaa."

"Nitasimama."

"Kwa nini hutaki kukaa?" Afisa alimwangalia mfuko wa aproni. "Una nini?"

"Sina kitu. Nimekaa tangu asubuhi, bosi."

"Jumatatu, mara saba. Jumanne, mara nane. Jumatano, saba." Alisoma kama anasoma mashtaka. "Wenzako mara mbili, tatu. Unakwenda kufanya nini?"

"Kukojoa."

"Mara nane?"

"Mara nane."

Dakika alicheka kwa pua.

"Kuna mtu alikuona," afisa akasema. "Alhamisi. Chooni. Ukijiingizia kitambaa ndani ya nguo."

Alhamisi. Mapumziko ya mchana, wakati pekee usiodai kibao. Mlango wa mwisho, ule wenye komeo bovu. Ulifunguliwa ghafla, akasimama Bi Vifungo na mfuko wake mkononi, akasema, "Samahani, shoga," akaufunga. Matofali yote ya Mama Kola yakakaa sawa, ukuta ukakamilika.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Ila alipopima, mwizi na kikojozi, mmoja anafungwa, mwingine anachekwa tu.

"Nilikuwa navaa," alisema. "Mkojo unanitoka. Nikikohoa unanitoka, nikinyanyua mzigo unanitoka. Kitambaa nimekiokota kwenye mabaki, ndiyo. Kuna kilicholowa hapa mfukoni, na kingine ninacho mwilini sasa hivi."

Feni ilizunguka. Dakika alikodolea macho kabati. Afisa alisogeza kiti chake nyuma, kidogo tu, lakini kilikwaruza sakafu na wote watatu wakasikia.

"Una cheti cha daktari?"

"Daktari yupo siku za kazi."

"Basi nenda siku ya kazi."

"Nilikwenda. Ndilo onyo la pili hilo hapo mbele yako."

Afisa alilifunua, akalisoma, akalifunika.

"Bosi," Mama Kola akasema, na hata yeye hakujua ujasiri huo umetoka wapi, "nesi alitaka niandike kila ninapokwenda, siku tatu. Kalamu hamturuhusu. Kumbe ninyi mmeshaniandikia wiki tatu, saa na dakika. Naomba nakala nimpelekee."

"Hili ni mali ya kampuni."

"Kwa hiyo hata mikojo yangu ni mali ya kampuni?"

"Mama, chunga mdomo!" Dakika alifoka.

Afisa aliinua mkono kumnyamazisha. Akafunua ukurasa, akaligeuza daftari ili Mama Kola alione, na sauti yake ikalainika, ule ulaini wa mtu anayekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Hebu tuongee kama watu wazima. Gunia limepungua kilo nyingi. Si wewe peke yako. Ona hapa, namba kumi na saba. Mara sita, mara saba, mara sita. Huyu naye? Wewe nitajie mwingine anayechukua, nami nakuandikia kibali kwa mkono wangu. Kila saa moja, bila kibao. Hutasumbuliwa."

Namba kumi na saba ni Bi Vifungo.

Mama Kola alitazama ile sita, ile saba, ile sita. Na ule ukuta wake alioujenga kwa miezi miwili ukaanza kumomonyoka, tofali moja moja. Ile poda. Sketi nyeusi isiyoonyesha kitu. Kucheka huku kakutanisha magoti. Chupa ya maji iliyojaa mpaka shingoni kila jioni, kama ya kwake. Alhamisi mlangoni, mfuko mkononi: alikuwa anakwenda kufanya nini na mfuko, kwenye mlango wenye komeo bovu, kama si kubadilisha? Na pua ile! Hakuwa akimnusa jirani. Alikuwa akijinusa mwenyewe.

Ijumaa alisimama hapahapa. Aliambiwa maneno haya haya. Akachagua.

Kila saa moja. Ndicho kile kile alichokitaka nesi. Ulimi wa Mama Kola ulikuwa na jina tayari, na haki alikuwa nayo: aliyeuzwa na yeye auze. Ila aliona pia kitakachofuata. Kesho ataitwa kumi na saba, atageuziwa ukurasa, aulizwe juu ya kumi na nane. Kesho kutwa, kumi na nane. Na makatoni yataendelea kukaa raha mustarehe ndani ya vyoo vitano.

"Mimi macho yangu yako kwenye kola, bosi," alisema. "Ya jirani siyaoni."

"Fikiri vizuri."

"Nimefikiri."

Ulaini ukakauka. Afisa alichukua fomu, akajaza haraka, akaisukuma mezani. Onyo la tatu na la mwisho. Kitambaa alichookota thamani yake itakatwa. Kibao, kuanzia kesho, mara mbili kwa siku, "kama wenzako."

"Na hicho ulicho nacho?" Dakika aliuliza.

"Kipekuliwe getini kama vya wengine," alisema afisa, akisukuma kiti mbali zaidi. "Sisi hatukigusi."

Mama Kola alitia sahihi kwa kalamu ya kampuni, kalamu ya kwanza aliyoshika ndani ya jengo lile kwa miaka tisa.

Saa kumi na moja kengele ililia. Foleni ya getini ilijikunja kama utumbo. Mbele alikaa mpekuzi, dada mwenye glovu, anayepitisha mikono mabegani, kwapani, kiunoni, halafu leo, kwa amri, chini zaidi. Wanawake walitazama mbali kama abiria waliopitwa na gari. Bi Vifungo alikuwa nyuma tu ya Mama Kola. Alinuka poda. Pumzi yake ilikuwa fupifupi kama ya mtu aliyekimbia.

"Panua miguu, mama," mpekuzi alisema.

Mkono ulishuka. Ukasimama.

"Hiki nini?"

Foleni nzima ikachungulia. Hata mlinzi wa kiume nje ya geti aligeuza shingo.

Kulikuwa na njia ya kunong'ona. Mama Kola aliiona, akaiacha. Akavaa miwani ya mbao.

"Kitambaa cha mkojo," alisema, kwa sauti ya kuitia watoto kula. "Fulanela ya kampuni. Nimeikojolea tangu saa nane. Kuna na kingine hapa kwenye mfuko. Ofisi imesema upekue. Nikuvulie, au utachukua mwenyewe?"

Mpekuzi alirudisha mkono kana kwamba umeungua. Akatazama glovu. Nyuma mtu mmoja alicheka, akakatiza. Mwingine akasema, "Mama wee!" na huyo hakucheka.

"Pita," mpekuzi alisema. "Pita, pita." Na kwa aliyefuata, bila kumgusa hata bega, akipunga ile glovu hewani kuikausha: "Na wewe, pita. Nyie wote, piteni bwana, nimechoka."

Bi Vifungo akapita.

Nje ya ukuta Mama Kola alitembea polepole. Kuchekwa kulikuwa kunamngoja kesho, alijua. Jina jipya lingekuwa limeshapatikana kabla ya saa nne. Alisikia viatu nyuma yake, vikija, vikisita, vikija tena.

"Shoga," Bi Vifungo alisema. Machozi yalikuwa yamechora njia mbili kwenye poda. "Shoga, waliniambia..."

"Najua walichokuambia. Na mimi wameniambia."

"Ukanitaja?"

Mama Kola alimwacha angoje. Hiyo alijiruhusu. Walipita ukuta wa kiwanda wote, mpaka kwenye kona, akihesabu hatua.

"Ningekutaja, ungepita getini?" alisema mwishowe.

Bi Vifungo alijifuta uso kwa kiganja, akatengeneza matope ya poda.

"Shoga usiniite tena," Mama Kola akasema. "Na wewe uache kuokota kwenye gunia, wataweka alama. Kata shuka kuukuu, ufue kwa sabuni, uanike juani. Siyo ndani. Juani." Akaingiza vidole sidiriani, akatoa karatasi ya nesi, imelainika kwa jasho kama kitambaa. "Soma. Kisha unirudishie."

Bi Vifungo alisoma akisogeza midomo. Alipofika mahali fulani akashtuka. "Kama kuzuia upepo?"

"Mbele ya wakwe. Mpaka tano. Unaachia."

"Mara kumi?"

"Na maji unakunywa."

Mama Kola alifungua chupa yake, iliyojaa tangu alfajiri, yenye uvuguvugu wa plastiki, akanywa hadi nusu bila kupumua. Kisha, pasipo kumtazama, akamnyooshea. Bi Vifungo alisita, akaipokea, akanywa.

Asubuhi iliyofuata kibao kilikuwa kwenye msumari wake, na kando ya namba kumi na sita Dakika alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: mara mbili tu. Alipanda na kushuka laini nzima, mikono nyuma, akiwachungulia wote kwa jicho la pembe. Alisimama kwa muda mrefu nyuma ya viti viwili. Chupa mbili za maji zilikuwa wazi mezani, zimepungua. Kola ziliingia chini ya sindano, vifungo vilidondoka mahali pake. Nyuso mbili kavu zilitazama mbele, hazisemezani. Midomo tu ndiyo iliyocheza, kidogo, kwa pamoja: moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Mnahesabu nini?" aliuliza Dakika.

"Mashati," alisema Mama Kola.

Dakika alifungua daftari, akashika kalamu, akatafuta pa kuandika.